Upepo wa Kufidia

Duka la baiskeli walilokwenda lilikuwa upande wa pili wa mji, mwendo wa saa nzima kwa basi, ingawa karibu na kwao kulikuwa na mawili. Mitungi ndiye aliyelichagua. Yale ya karibu yalikuwa na watu waliomjua marehemu mkewe, na hakuwa na hamu ya kupewa pole nyingine na mtu mwenye spana mkononi. Pole alishapewa za kujaza ghala.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini na mtaani alikuwa Mitungi, kwa sababu miaka ishirini na miwili alikuwa akijaza mitungi ya gesi kwenye kituo kile kile, mizani ile ile, ovaroli ya rangi ile ile. Mtu wa vipimo huyo. Hata chumvi aliitia kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, na wenzake walimtania kwamba akipiga chafya lazima aipime kwanza. Mpira wa gesi ukichomolewa kwenye mtungi ukatoa "fsss," wengine waliusukuma mtungi mbele, siku iishe. Yeye aliurudisha kwenye mizani akafidia kilichotoka. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kwake kulalamika, na jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia.

Pembeni yake alitembea binti yake wa miaka kumi na sita. Mama yake alimpa jina la Kiroboto kwa vile hakutulia mahali. Siku hizi alitulia mno. Miezi mitatu iliyopita alimwambia baba yake, bila kupaza sauti, kwamba shule zikifungwa atahamia kwa bibi yake mzaa mama, na hatarudi.

"Humu ndani mama hatajwi," alisema. "Na akitajwa, ni kwa ubaya. Kule angalau analiliwa."

Hakukosea mtoto. Mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu siku za wiki, na Jumamosi akawa mtu mwingine kabisa. Yeye na wanawake wenzake watano walipanda baiskeli za milimani kwenye kile kilima kirefu nyuma ya matangi ya maji, chenye njia za kila namna: mawe, mizizi, tope, mchanga. Wenzake walimwita Kipanga. Miaka miwili iliyopita, mahali walipopaita Ngazi, penye vidato vitatu vya mwamba ambavyo alikwisha kuvishuka mara zisizohesabika, gurudumu la nyuma liliruka likamtupa mbele juu ya hendeli. Aliangukia shingo.

Wenzake wote watano walisema hakuwa na kasi. "Alikuwa polepole kabisa, shemeji," walimwambia. "Ni kama kitu kilimpiga teke." Mitungi hakutaka kuwasikia. Mtu hatupwi hivi hivi. Alishamwambia mkewe apunguze mwendo, mkewe akacheka, na sasa matokeo ni hayo. Kwa hiyo msiba ukiwa bado mbichi, mama mkwe alipolia kwamba mwanawe alikosa nini jamani, Mitungi alimjibu mbele ya kadamnasi: "Sikio la kufa halisikii dawa, mama."

Angemeza moto ingekuwa afadhali. Tangu siku ile mama mkwe hakusema naye tena hata neno moja. Akitaka habari za mjukuu alimpigia mjukuu. Mitungi naye, badala ya kwenda kupiga magoti, akazidi kushikilia lake, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Bila hiyo asingejua aanzie wapi kuvaa viatu. Baiskeli yenyewe aliitoa kwa muokota vyuma chakavu wiki ile ile. Hakuitazama mara mbili.

Lakini kumpoteza na mtoto, hapana, hilo lilimshinda. Nyumba ya vyumba vitatu na mtu mmoja ndani yake aliiogopa kama kaburi. Akamwuliza Kiroboto afanye nini ili abaki, na Kiroboto akamjibu kitu ambacho hakukitarajia.

"Ninunulie baiskeli kama ya mama. Nataka kwenda alikokuwa anakwenda."

Alikataa wiki nzima. Wiki ya pili akaona begi limeshapangwa nguo chini ya kitanda cha msichana. Wiki ya tatu akaanza kusoma habari za baiskeli na kuandika kwenye daftari.

Duka lilikuwa refu na jembamba, linanuka mpira mpya na grisi, baiskeli zimening'inizwa kwenye kulabu mpaka darini. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, aproni ya mifuko mingi, penseli kwenye nywele, na mdomo usiolala.

"Karibuni, karibuni. Nani anapanda, baba au binti?"

"Binti," alisema Mitungi. "Tunataka yenye shokapu mbele na nyuma. Laini. Isiyokwenda mbio."

Fundi alicheka. "Baba yangu, baiskeli haiendi mbio. Anayekwenda mbio ni mtu."

"Ndicho ninachosema siku zote."

Kiroboto aliangalia sakafu. Mitungi akajua ameanza vibaya, akajifanya anatafuta ukurasa kwenye daftari.

"Haya mdogo wangu, niambie wewe," fundi alimgeukia msichana. "Njia zenyewe zikoje? Maana hapo ndipo pa kuanzia. Watu wanakuja hapa wananiambia nataka nzuri. Nzuri ya wapi?"

"Za kila aina," alisema Kiroboto. "Kwanza unapanda kama saa nzima, barabara ya malori ya mbao. Halafu unaingia kwenye miti, kuna mizizi, na mvua ikinyesha inateleza. Halafu mawe. Chini kabisa kuna mchanga wa mtoni."

"Umeshapita?"

"Kwa miguu. Jumamosi nyingi tu."

Mitungi aliinua kichwa. Jumamosi hizo alikuwa akiambiwa mtoto yuko kwa rafiki anasoma. Alikuja kununua amani, si kugombana dukani.

Fundi aliwashushia tatu. Ya kwanza ilikuwa nene, shokapu zake ndefu, tairi kama za pikipiki. Hii, alisema, ni ya wale wanaopelekwa juu kwa gari wakashuka wakipiga kelele. Ukipanda nayo kilima saa nzima utafika umeisukuma. Ya pili ilikuwa nyembamba na nyepesi, shokapu fupi. "Hii kupanda inapanda yenyewe. Ila ukifika kwenye mawe utakumbuka dua zote ulizofundishwa utotoni." Kiroboto alicheka. Kicheko kifupi, lakini Mitungi alikisikia, na kifuani kikamfunguka kitu ambacho hakijafunguka miaka miwili.

Ya tatu ilikuwa ya kijani kibichi kilichoiva kidogo, rangi ya jani la mgomba. Fundi aliizungusha mbele yao kama anaposea.

"Hii ndiyo ya katikati. Si bingwa wa lolote, lakini hakuna njia itakayokuangusha. Shokapu inameza jiwe, na ukipanda hainesinesi kama kitanda cha gesti. Tairi pana za kutosha mchanga. Kiti unabonyeza hapa kinashuka, ili ukiteremka kisikusukume mgongoni. Mtu mwenye njia moja anunue baiskeli ya njia hiyo. Mwenye njia zote, hii."

Mitungi alifungua daftari. Aliuliza uzito, pembe ya uma wa mbele, upana wa hendeli, diski za breki zina milimita ngapi. Fundi alijibu moja moja, kisha akamtazama msichana. "Huyu baba yako kasoma kuliko wanaoziuza."

"Ndivyo alivyo," alisema Kiroboto. "Anapima mpaka mswaki." Akamtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu macho yake hayakuwa na kesi ndani yake. "Hii, baba. Nadhani ni hii."

"Ni hii," alisema Mitungi. Alishawaona Jumamosi ijayo: yeye chini ya kilima na chupa ya maji na sanduku la dawa, mtoto anashuka polepole, anamsubiri, wanarudi nyumbani pamoja. Nyumbani kwao, si kwa bibi. Alikaribia kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Basi tuipime na mwili wake kabla hamjaondoka," alisema fundi. "Vaa begi lako mdogo wangu, kaa juu, shika huo ukuta. Kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Mwepesi. Sasa shokapu hii ya nyuma ndani yake hamna springi ya chuma. Ni upepo. Upepo unawekwa kwa uzito wa mpandaji. Ukikaa inatakiwa izame kidogo, kama robo hivi, na hiki kipete cha mpira kinakuonyesha imezama mpaka wapi. Kwako wewe tuanze na mia na sitini."

Alitoa mfukoni pampu ndogo yenye geji, akaifunga kwenye valvu, akasukuma mpaka mshale ukafika mia na sitini. Kisha akaichomoa. Fsss.

"Umepoteza hapo," alisema Mitungi.

"Sijapoteza kitu, baba."

"Imetoka. Nimeisikia. Rudisha uongeze."

"Hiyo ni sauti tu."

"Dada, mimi nimefanya kazi ya gesi miaka ishirini na miwili." Alisema kwa upole wa mtu anayemhurumia asiyejua. "Kikitoka kitu, kimetoka. Funga tena hiyo pampu uone. Funga."

Angenyamaza, angerudi nyumbani na baiskeli ya kijani na mtoto. Lakini mdomo ndio uponzao kichwa, na mtu hujiponza zaidi pale anapodhani anajua. Fundi aliifunga pampu tena, kwa mbwembwe, kama mtu aliyekwisha kucheza mchezo huu na wanaume wengi. Mshale ukasimama chini ya mia na hamsini.

"Si unaona?" alisema Mitungi.

"Naona. Na wewe sasa ona." Fundi aligonga mpira wa pampu kwa ukucha. "Huu mpira sasa hivi ulikuwa mtupu. Nikiufunga, upepo wa shokapu unakuja kuujaza huu mpira. Ndiyo maana mshale unashuka. Nikisukuma mpaka mia na sitini tena, nikachomoa, valvu inajifunga kwanza, ndipo pampu inaachia. Kinacholia ni upepo wa mpira. Wa shokapu uko ndani, haujatoka hata chembe. Tazama kipete." Alisukuma, akachomoa, fsss, akamwambia Kiroboto akae. Kipete kikasimama pale pale penye robo. "Si mtungi wa gesi huu, baba yangu. Hapa masikio yanadanganya."

Mitungi alikiangalia kipete kile cheusi, kidogo kuliko pete ya ndoa. Akili yake, ile ile iliyozoea kujumlisha na kutoa bila kuombwa, ikaanza kujumlisha.

Alimnunulia mkewe pampu kama hii wiki tano kabla ya kifo chake, ili asihangaike kwenda kwa fundi kila mara. Alijaza mia na sitini, akachomoa, akasikia. Akafunga tena akaona mshale umeshuka. Alirudia mara tatu kwa sababu hakuwa mtu wa kubahatisha, na mara tatu akapata jibu lile lile. Basi akaweka ishirini za ziada. Za kufidia, alimwambia mkewe, na mkewe akambusu kwenye upara. Wiki mbili baadaye mkewe akasema, "Mbona siku hizi inanipiga teke?" Naye akamwambia apunguze mwendo. Halafu akafikiri, akaona labda upepo bado haujatosha, ndiyo maana inagonga. Ishirini akazifanya hamsini.

"Kuna wengi wanafanya hivyo," fundi aliendelea, anafuta pampu kwenye aproni. "Kila wakijaza wanaongeza. Shokapu inakuwa ngumu kama gogo. Sasa mtu mwepesi kama huyu, afike mahali pa kudondoka, hata polepole, badala ya kuzama inamrudishia..."

"Basi," alisema Mitungi. "Tumeelewa."

"...inamrusha kutoka nyuma ikamtupa juu ya hendeli. Nishaletewa mmoja hapa kavunjika..."

"Nimesema basi, mama! Tumeelewa!"

Mteja aliyekuwa akijaribu glavu karibu na mlango alizirudisha na kutoka. Fundi alimtazama Mitungi, kisha akamtazama msichana juu ya baiskeli, akaona kitu, akasema kwamba anaenda kutafuta kengele stoo. Hakuna aliyeomba kengele.

Kiroboto alikuwa bado ameshika ukuta. Alikuwa akiitazama mikono yake.

Mitungi alijua anachokitazama. Angetoa roho yake ili mtoto asijue. Maana jioni ya kuamkia ile Jumamosi ya ajali, yeye alikuwa zamu ya jioni kituoni, na ni yeye aliyepiga simu nyumbani. "Mjazie mama yako baiskeli, mwanangu. Wewe unajua sasa. Mia na sitini, halafu hamsini za kufidia. Soma geji vizuri." Naye mtoto wa miaka kumi na minne alisoma geji vizuri. Alimpigia tena kumwambia, "Tayari baba, mia mbili na kumi kamili," na Mitungi akamsifu mbele ya wenzake wote kwamba huyu ndiye atakayerithi mizani yangu.

"Baba."

"Shuka kwanza mwanangu."

"Baba, ile ya mama." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka saba. "Mimi ndiye niliyejaza."

Majuto ni mjukuu, lakini siku ile mjukuu alikuja mbio. Mitungi aliona maisha ya mtoto huyu yote yaliyobaki: kila asubuhi ataamka na mikono hiyo, atapika nayo, atalea nayo, atazeeka nayo. Yeye alikuwa na hatia na alijua ana hatia. Alimfundisha, alimwamuru, alimpuuza mkewe aliposema inampiga teke. Lakini mtoto wa kike hagawi hatia kwa mahesabu. Ataichukua yote. Mitungi hakuwahi kudanganya kipimo maishani mwake, hata gramu moja.

"Hapana," alisema. "Si wewe."

"Nilijaza jioni. Uliniambia kwa simu."

"Ulijaza jioni, ndiyo. Alfajiri niliishusha yote nikaijaza upya. Wewe ulikuwa umelala."

Uongo. Alfajiri ile alikuwa kitandani, amelala fofofo, amerudi usiku wa manane na uchovu wa zamu. Alipoamka mkewe alishaondoka, na chai yake imefunikwa kwa kisahani. Kiroboto alimkazia macho.

"Kwa nini uishushe?"

"Sikuuamini mkono wako. Wewe ulikuwa mtoto. Nikasema nitajaza mwenyewe, nikaweka mia mbili na ishirini." Namba ilitoka bila kutetemeka. Uongo wenye namba huaminika. Alijua hilo, watu wa vipimo wote wanajua. "Mama yako alikuwa anafunga viatu. Akaniambia inatosha, nikaongeza tena."

"Uliapa kwamba hukumwona asubuhi ile. Uliwaambia polisi ulikuwa umelala."

"Niliogopa."

Kwanza mabega ya msichana yalishuka. Mitungi aliona kwa macho yake mzigo ukimtoka, akamwona anavuta pumzi mpaka chini kabisa, na kwa sekunde moja au mbili alikuwa amemwokoa mwanawe, na hakuna kitu kingine duniani kilichokuwa na maana. Halafu uso ule ule ukageuka. Alishuka kwenye baiskeli kwa uangalifu, akaiegemeza ukutani, akavua begi.

"Ulijua."

"Nimejua leo. Ile ya kufidia, leo ndiyo nimejua."

"Lakini ulijua umeigusa wewe. Ulijua wewe ndiye wa mwisho kuigusa. Ukaenda kumwambia bibi sikio la kufa halisikii dawa." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Miaka miwili, baba. Miaka miwili nimemkasirikia mama yangu kwa sababu yako. Nilikuwa namwambia mama usiku, kwa nini ulikwenda mbio, kwa nini hukutufikiria. Alikuwa anakwenda polepole!"

"Ndiyo."

"Alikwenda polepole kwa sababu ulimwambia!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Alitoka nje. Kupitia kioo cha mlango Mitungi alimwona amesimama kwenye baraza, kaipa barabara mgongo, simu sikioni, mkono mmoja umeshika nywele zake mwenyewe kwa nguvu. Aliongea kwa muda mrefu. Fundi alitokeza kichwa stoo, akakirudisha. Mitungi alibaki amesimama katikati ya duka, mikono imening'inia, daftari limeanguka miguuni pake, na hakuwa na nguvu hata za kuinama. Alitamani mtu aje amtukane. Alitamani mkewe aje, hata kwa dakika moja, amwambie lolote.

Kiroboto alirudi. Alisimama hatua mbili mbele yake, akamnyooshea simu bila kumtazama usoni.

"Bibi anataka kukusikia mwenyewe. Anasema umwambie ulivyoniambia mimi."

Mitungi aliichukua. Ilikuwa na joto la shavu la mtoto.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikiwa. Alisikia pumzi za mwanamke mzee, na mbali nyuma yake redio. Miaka miwili hakuzisikia pumzi hizo. Kiroboto alikuwa amekunja mikono kifuani, anamtazama sasa, anamtazama mdomoni. Akajikaza.

"Mama, ni kweli. Ni mimi. Mtoto alijaza jioni, lakini alfajiri niliamka nikaishusha nikaijaza mwenyewe. Niliweka mia mbili na ishirini. Mwanao hakukosa kitu. Nilisema maneno mabaya msibani, na kosa lilikuwa langu. Ni mimi, mama."

Redio ikazimwa.

"Alfajiri ile," alisema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa kavu, imezeeka kuliko alivyoikumbuka, "mwanangu alinipigia simu. Alikuwa yuko getini kwenu, na baiskeli. Nikamwuliza, mumeo hajambo? Akaniambia, amerudi usiku sana, mama, amelala kama mtoto, sikutaka kumwamsha."

Mitungi aliegemea rafu ya tairi.

"Wewe hukuamka," alisema mama mkwe.

Macho ya Kiroboto hayakuondoka mdomoni pake. Alichoweza kusema ni kimoja tu, na alikisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayethibitisha jambo. "Ndiyo, mama."

"Mtoto anasikia ninachosema?"

"Hapana, mama."

Bibi alilia kidogo. Alilia kama watu wanaolia peke yao kila siku, bila haraka, kisha akapenga.

"Basi sikiliza. Mlete leo, na nguo zake zote. Wewe usikanyage tena hapa. Usije sikukuu, usije akiumwa, usije siku yangu ya kufa. Ukija ataanza kukuuliza, na siku moja utachoka utamwambia ukweli." Alivuta pumzi. "Mimi nitamwambia ni wewe. Nitamwambia kila siku mpaka asiwe na shaka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Marahaba," alisema, akakata.

Kiroboto alinyoosha mkono, akapokea simu yake. "Amesemaje?"

"Amesema nikupeleke leo."

Msichana aliitika kwa kichwa, akavaa begi lake, akatangulia mlangoni. Fundi alitoka stoo na kengele mkononi, akauliza kwa sauti ya chini kama baiskeli awawekee au airudishe juu. Mitungi alimwambia airudishe. Kisha akaokota daftari na kumfuata binti yake kituo cha basi, nyuma kidogo, kwa umbali ambao yeye mwenyewe Kiroboto alikuwa ameuweka.